Kijiji, Watu na Barabara: Hesabu Inayomgusa Mkulima wa Tabora

(Muziki wa kipindi. Usikike kidogo, ushuke, kisha uondoke.)

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya jambo linaloamua kama mbegu na mbolea vitakufikia kwa wakati, na kama mavuno yako yatatoka kijijini kwa bei ya kukutosha. Jambo lenyewe ni idadi ya watu kijijini, pamoja na njia ya kukifikia kijiji hicho.

Mambo haya mawili ni kama maksai wawili waliofungwa nira moja. Mmoja akilala, mwenzake hawezi kulivuta jembe peke yake. Pasipo na barabara watu huhama, au hubaki wakiuza mazao kwa bei ya kutupa. Na penye watu wachache waliotawanyika, barabara haijengwi, na ikijengwa haitunzwi. Tutatumia mfano wa mkoa wa Tabora, maana huko habari ya watu na njia ni ya zamani sana. Lakini hata wewe uliye Katavi, Kigoma au Shinyanga, tega sikio. Yanakuhusu.

TUANZE NA HESABU

Mkoa wa Tabora una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 76,000. Sensa ya mwaka 1988 ilikuta humo watu milioni 1 na kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 3,391,679. Maana yake, katika miaka 10 tu waliongezeka watu wapatao milioni 1 na laki 1. Hilo ni ongezeko kubwa.

Sasa tuwagawanye watu hao katika eneo lote la mkoa. Tunapata watu 45 hivi katika kila kilomita moja ya mraba. Kwa nchi nzima, mwaka huo wa 2022, ilikuwa watu 70 hivi. Kwa jirani zetu wa Mwanza ilikuwa zaidi ya watu 350 katika kila kilomita moja ya mraba ya nchi kavu. Kwa hiyo Tabora ina watu wengi, lakini ardhi ni kubwa na watu wamekaa mbalimbali. Kati ya kijiji na kijiji kuna miombo, kuna mbuga, na kuna mito kama Ugalla, Wala na Igombe.

Je, hesabu hii inahusu nini barabara? Inahusu sana. Kilomita moja ya barabara ya changarawe haijali inapita mbele ya nyumba 100 au nyumba 10. Gharama yake ni ileile. Inataka katapila lilelile, changarawe ileile na makaravati yaleyale.

Tuchukue mfano. Kijiji kina watu 2,400, na kutoka barabara kuu hadi katikati ya kijiji ni kilomita 12. Kama watu wote wanakaa karibu na njia hiyo, kila kilomita moja inahudumia watu 200. Lakini kama watu haohao 2,400 wamejigawa katika vitongoji vitano, kila kimoja upande wake, na kuvifikia vyote kunataka kilomita 30 za njia, basi kila kilomita inahudumia watu 80 tu. Kijiji ni kilekile na watu ni walewale, lakini mzigo wa barabara umekuwa mara mbili na nusu. Halmashauri ya wilaya yenye fedha kidogo itapeleka katapila wapi? Mara nyingi litapelekwa kule ambako kilomita moja inawafaa watu wengi.

MZIGO KICHWANI: NJIA YA MISAFARA

Kabla ya reli na magari, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Njia ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapo Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Msafara wa Waingereza Burton na Speke mwaka 1857 ulichukua siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, kama walivyopaita Tabora siku hizo. Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84. Nyumba ya tembe waliyokaa yeye na Livingstone mwaka 1872, pale Kwihara, leo ni makumbusho.

Wabebaji mashuhuri wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 au zaidi kidogo. Lori la tani 10 la siku hizi linabeba kilo 10,000. Gawa kwa 30. Lori moja ni wapagazi zaidi ya 330!

Ndugu mkulima, hapo pana somo. Ni mzigo gani uliokuwa na faida kubebwa kichwani kwa miezi mitatu? Siyo mtama wala mahindi. Mpagazi angekuwa anakula njiani, na mwisho wa safari thamani ya mzigo wake isingelipa hata chakula chake. Mzigo uliolipa ulikuwa pembe za ndovu, kwa sababu uzito wake ulikuwa mdogo kwa thamani yake. Na tusisahau ubaya mkubwa wa njia ile: watu pia walishikwa na kuuzwa kama bidhaa.

Mtama na mahindi vilipata soko kwa namna nyingine. Havikupelekwa pwani, bali msafara wenyewe ulikuja na njaa yake. Watu mamia walihitaji chakula kila jioni. Wakulima waliokaa karibu na njia waliuza nafaka, kuku, mbuzi na pombe. Soko likaja mlangoni. Ndiyo sababu Unyanyembe ikawa na watu wengi, wakulima kwa wafanyabiashara. Vilevile wapagazi wengi walisafiri kiangazi baada ya kuvuna, wakijitahidi kuwahi mvua za kupandia. Kilimo na safari vilipangwa pamoja.

Njia ile ilikuwa na gharama zake pia. Watemi walitoza ushuru wa kupita, na ushuru huo uliitwa hongo. Leo neno hilo lina maana mbaya, lakini zamani hongo ilikuwa malipo ya njia. Ugomvi ulipozuka, njia ilifungwa. Kuanzia mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya Ujiji ikazibwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Njia ikizibwa, mwenye mali hukosa, na mwenye chakula cha kuuza hukosa vilevile.

RELI, MALALE NA VIJIJI

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza lilikamilika. Reli ikawavuta watu. Pale palipokuwa na stesheni, kama Usoke, Urambo, Kaliua na Bukene, pakaota maduka, maghala na minada. Hata ule mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, ambao haukufaulu, uliichagua Urambo kuwa moja ya sehemu zake tatu, na Urambo iko kwenye reli. Baadaye Urambo ikajulikana kwa tumbaku.

Huko porini, mbali na reli, kulikuwa na adui mwingine. Adui huyo ni mbung'o, anayeitwa pia ndorobo, mwenye kuleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Familia moja peke yake katikati ya miombo haiwezi kumshinda. Watu wengi wakikaa pamoja wanafyeka, wanalima, na vichaka anavyokaa mbung'o vinapungua. Kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1920 na 1930, iliwahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja. Wengine walihama bila kupenda.

Baada ya uhuru likaja jambo kubwa zaidi. Mwezi Novemba mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na watu wote wawe vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Ilipofika mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa vijijini katika nchi nzima. Shabaha ilieleweka: shule, zahanati, maji na barabara haviwezi kumfuata kila mtu shambani kwake. Vijiji vingi vikapangwa kando ya barabara.

Je, ilifaa? Tuseme kweli. Upande mmoja ilifaa: shule na zahanati vilifika mahali ambapo havikuwahi kufika. Upande mwingine palikuwa na makosa. Watu walisukumwa kwa nguvu. Mahali pengine kijiji kilipangwa penye barabara lakini udongo ulikuwa mbaya, au maji hayakutosha, au mashamba yalikuwa mbali mno. Mkulima akatumia asubuhi yake kutembea badala ya kulima. Karibu na nyumba, kuni zikaisha na ardhi ikachoka.

Ulyankulu inatupa mfano. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi huko, katika pori la miombo kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora. Walifyeka, wakalima, na pori likawa nchi ya mazao. Lakini watu walikuwa wengi kuliko maji na ardhi vilivyoweza kuwabeba, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 sehemu yao walihamishiwa Mishamo, upande wa Mpanda. Basi tukumbuke: barabara peke yake haitoshi kukifanya kijiji. Kijiji ni barabara, maji na udongo.

HALI YA SIKU HIZI

Leo mambo yamebadilika. Kuna lami kutoka Tabora hadi Nzega, ambako inakutana na barabara kuu ya Singida na Mwanza. Upande wa kusini, lami ya kupita Sikonge na Koga hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022. Tena mwaka 2021 na 2022 ilitiwa saini mikataba ya kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Isaka, na kutoka Tabora hadi Kigoma.

Lakini mkulima hauzi mahindi yake juu ya lami. Anauza kijijini. Kwa hiyo wataalamu wa usafiri wana kipimo kimoja rahisi ambacho hata wewe unaweza kukitumia. Wanauliza: Je, mtu anakaa ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita 2 ni mwendo wa dakika 25 hivi kwa miguu. Benki ya Dunia ilipopima hivyo na kutoa matokeo mwaka 2016, iliona kwamba kati ya kila watu 100 wa vijijini Tanzania, 25 hivi tu ndio waliokuwa ndani ya kilomita hizo 2. Kenya walikuwa 56, na Uganda 53. Uganda watu wamekaa karibukaribu, na nchi yao ni ndogo kuliko yetu. Mnaona, wasikilizaji? Tumerudi kwenye hesabu ileile ya watu na kilomita.

Sasa tuone njia mbaya inavyokula mfuko wako. Hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme gunia la mahindi mjini ni Sh. 70,000/=. Mnunuzi akija na lori kwenye njia nzuri, anatoa Sh. 5,000/= kwa kila gunia kuwa gharama ya usafiri. Njia ikiwa mbovu, gari litavunjika springi na litalala njiani, kwa hiyo anatoa Sh. 15,000/=. Nani analipa tofauti hiyo ya Sh. 10,000/=? Siyo mnunuzi. Ni wewe, kwa sababu anaipunguza katika bei anayokupa. Ukiuza magunia 20, umepoteza Sh. 200,000/=. Mbolea nayo inapokuja kijijini inapita njia hiyohiyo, na gharama yake inaongezwa juu ya bei. Unakatwa ukiuza, na unakatwa ukinunua.

Hiyo ndiyo sababu moja iliyofanya tumbaku, asali na nta vishike sana Tabora. Robota moja la tumbaku au debe la asali lina thamani kubwa kwa uzito wake, kama zilivyokuwa pembe zamani. Linavumilia njia mbovu. Mahindi, mpunga, viazi vitamu na maembe havivumilii. Mkulima anayetaka kupata fedha kwa mazao ya chakula, au kupunguza tumbaku inayokula kuni nyingi za kukaushia, lazima kwanza ashughulikie njia.

Na siyo mazao peke yake. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa mwezi wa pili, mto umejaa na bodaboda haivuki, hapo barabara siyo jambo la bei. Ni jambo la uhai.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kijiji kijue hesabu zake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri ya kijiji iwe na daftari linaloonyesha: kaya ngapi katika kila kitongoji, kilomita ngapi kutoka kila kitongoji hadi barabara inayopitika, magunia na marobota mangapi yalitoka msimu uliopita, na njia ilifungwa na maji siku ngapi, mahali gani. Mambo haya yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, yapelekwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kutoka hapo yafike wilayani na kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Ombi linalosema tu "barabara yetu ni mbaya" linafanana na maombi mengine yote. Ombi linalosema "kaya 310 na magunia 4,000 hukwama siku 60 kwa sababu ya karavati moja" linasomeka vingine.

Pili, kijiji kipange ardhi yake kwa hiari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji nafasi ya kuamua katika mkutano mkuu. Watu wanaongezeka, vijana wanataka viwanja. Wakitawanyika ovyo, kila mmoja na njia yake, hakuna serikali itakayozifikia njia zote. Viwanja vipya viwe karibu na njia iliyopo, na mashamba mazuri, maji, malisho na msitu vitengwe. Lakini tusirudie kosa la zamani la kumsogeza mtu penye barabara pasipo na maji wala udongo.

Tatu, mkusanye mazao pahali pamoja. Lori halitaki kuzunguka nyumba 60 likitafuta magunia mawili mawili. Tumieni ghala la chama cha msingi cha ushirika, au jengeni la kwenu kando ya njia. Lori likijaa mahali pamoja kwa siku moja, gharama inashuka na ninyi mnapata nguvu ya kupatana bei. Kutoka shambani hadi ghalani, tumieni mkokoteni wa ng'ombe au punda. Mkokoteni mmoja unabeba magunia ambayo mama zetu wangebeba kichwani kwa safari nyingi.

Nne, tunzeni njia mliyo nayo. Sikilizeni vizuri: barabara ya udongo haiuawi na magari, huuawa na maji. Katikati yake pawe juu kama mgongo wa kobe, ili maji yashuke pembeni. Mitaro ya pembeni izibuliwe mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Kila baada ya hatua kadhaa pachimbwe mchirizi wa kuyatoa maji kwenda porini. Makaravati yatolewe mchanga na majani. Msilime hadi ukingoni mwa barabara. Msikokote jembe la ng'ombe au gogo juu ya barabara, maana mfereji huo mdogo ndio unaokuwa korongo mvua ikinyesha. Ng'ombe wapewe mahali maalumu pa kuvukia, wasivunje mitaro. Kwenye mbuga za udongo mweusi msijidanganye kwamba sepetu zinatosha. Hapo panahitaji tuta na karavati, na lazima mhandisi aitwe.

Tano, chagua zao kwa kuangalia umbali. Ukiwa karibu na njia nzuri, lima pia mboga, matunda na mpunga wa kuuza. Ukiwa mbali, weka nguvu katika vitu vyepesi vyenye thamani: asali, nta, karanga zilizobanguliwa, alizeti iliyokamuliwa mafuta hukohuko kijijini. Kubangua na kukamua ni kupunguza mzigo. Unaacha maganda nyumbani, unasafirisha fedha.

MUHTASARI

Ndugu wakulima, watu wengi waliokaa kwa mpango hurahisisha barabara, na barabara nzuri huongeza bei ya mazao. Umbali ulio mkubwa ni ule wa kutoka ghala lenu hadi barabara inayopitika. Huo mwaweza kuupima leo, na sehemu yake mwaweza kuupunguza wenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni kaya ngapi katika kitongoji chenu zilizo zaidi ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima?
2. Ni mahali gani pamoja tu ambapo pakitengenezwa, njia yenu itapitika masika?
3. Msimu uliopita, bei ya gunia kijijini ilipishana kiasi gani na bei ya mjini? Ni kiasi gani katika hicho kilikuwa usafiri?
4. Vijana wa kijiji watapewa viwanja wapi katika miaka 10 ijayo?

Mwenyekiti wa kikundi aandike majibu katika daftari, na katibu ayapeleke kwenye mkutano ujao wa kijiji.

(Muziki wa kipindi hadi mwisho.)